Niliuza RTX 3080 Yangu na Sijuti

Wale mmenifuata kwa muda mnakumbuka ile picha. Nimekaa kitandani, nimepakata boksi la RTX 3080 kama mtu ameachiwa mtoto mchanga ashike, na chini nimeandika "Mungu si Athumani". Mlikuja wote na makofi. Msee mmoja akaniambia sasa nimeingia ligi ya wakubwa. Nikaamini.

Hiyo kadi sina tena. Nilikaa nayo wiki 11, nikaiuza kwa hasara ya shilingi 9,000, na sikuposti kitu. Mtu akiuliza "bro, 3080 inaendeleaje?" nabadilisha stori. Leo nimeamua kusema yote, kwa sababu kila wiki napata meseji ile ile: "Niko na 50k, nichukue kadi gani kubwa?" Nikianza kujibu, naona kama namwandikia yule mimi wa Oktoba 2024.

Msimamo wangu nauweka hapa juu, asiye na muda wa kusoma aondoke nao: bei ya kadi si bajeti ya kadi. Ukiingia sokoni na pesa yote ikaishia kwa kadi ya grafiki peke yake, umeshakosea kabla hujaichomeka. Sasa wacha niwaambie vile nilijua.

Pesa ilitoka wapi

Mimi sina mshahara. Napiga na kuhariri video: harusi, ruracio, mazishi, besdei za watoto. Kazi moja ni 5,000, ikiwa nzuri inafika 8,000, na kuna miezi haiji hata moja. Mashine yangu niliiunga kidogo kidogo. Prosesa ni Ryzen 5 3600, RAM ni GB 16, kadi ilikuwa GTX 1060 ya GB 3, na pawa saplai ni ile ilikuja ndani ya boksi, imeandikwa wati 500 kwa karatasi ya kubandika. Monita ni inchi 22, ex-UK, 1080p. Hiyo ndiyo ofisi yangu, na usiku ndiyo uwanja wangu wa gemu.

Hiyo 1060 ilikuwa imenichosha. Gemu mpya nacheza na mipangilio ya chini mpaka nyuso za watu zinakaa kama mandazi. Na kwa kazi ilikuwa mbaya zaidi. Nikiweka klipu za 4K ndani ya DaVinci Resolve na rangi kidogo, programu inaniambia memori ya kadi imejaa. GB 3 kwa kazi ya siku hizi ni kama kuhamisha nyumba na boda.

Kwa hivyo nikaanza kuweka pesa. Miezi 14. Nikafika 34,000. Nikauza 1060 kwa 6,000, nikawa na 40,000. RTX 3080 ya mkono wa pili ilikuwa inauzwa 55,000, na kichwani mwangu hakukuwa na kadi nyingine duniani. Ikabaki 15,000.

Mama alikuwa karibu kupata zamu yake ya chama. Hiyo pesa ilikuwa na kazi yake tayari: tanki la maji. Sisi tunakaa Ruai, na mtu wa Ruai hahitaji kuelezwa maneno ya maji. Yanakuja siku yakitaka, na yasipokuja unanunua mtungi kwa shilingi 20, na kwetu tunatumia mitungi sita kwa siku. Nikamwambia mama hii ni mashine ya kazi, itanipatia wateja wakubwa, nitamrudishia kabla ya Krismasi. Akaniuliza swali moja tu: "Sasa hiyo kitu inafanya nini?" Nikaongea kama dakika 10. Sikumbuki hata nilisema nini. Akanitumia 15,000 kwa simu usiku huo.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu

Sitadanganya. Mara ya kwanza kufungua Forza Horizon 5 na kila kitu kikiwa juu kabisa, nilikaa kimya. Barabara imelowa, taa zinang'aa kwa matope, kaunta ya fremu inacheza kati ya 110 na 120. Nikaita jirani aje aone.

Jirani ni kijana wa fomu tatu. Akaangalia, akaniuliza, "Hii skrini ni ya hatsi ngapi?" Nikamwambia 60. Akasema "aah", akaendelea kuangalia. Kijana alikuwa na heshima, hakutaka kuniharibia siku.

Kama hujashika, ni hivi. Monita ya hatsi 60 inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kadi ikitengeneza fremu 120, wewe bado unaona 60. Unaweza kusikia vidole vikijibiwa haraka kidogo, lakini picha zenyewe, nusu ya ile kazi nililipia haikufika machoni. Na 1080p ni kama pikseli milioni 2.07. 1440p ni milioni 3.69. 4K ni milioni 8.29, mara nne ya 1080p. Nvidia walitoa 3080 mwaka wa 2020 kwa dola 699 wakifikiria mtu wa 4K. Mimi niliiweka mbele ya skrini ya 1080p ya hatsi 60. Ni kama kukodisha basi la watu 60 kupeleka mtu mmoja Githurai.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Ushamba wa skrini haukukosesha mtu maji.

Halafu ikaanza kuzima

Siku ya tano, niko katikati ya gemu, mashine ikazima. Pap. Hakuna onyo, hakuna skrini ya buluu, ni giza tu. Nikafikiri stima imepotea, lakini taa ya chumba inawaka. Nikawasha tena. Baada ya nusu saa, tena. Nikabadilisha soketi, nikabadilisha ekstensheni, nikalaumu nyaya za nyumba. Ikatulia siku mbili, nikasema imepona.

Mwezi uliofuata nikapata kazi kubwa kuliko zote: ruracio kule Limuru. Shilingi 18,000. Akanipa 6,000 mkononi, na 12,000 nikimaliza. Sharti lilikuwa moja, video iwe tayari Jumamosi jioni, kwa sababu Jumapili familia nzima inakutana kuiangalia pamoja. Na akaniambia dada yake anaolewa Aprili, nikifanya hii poa, hiyo pia ni yangu.

Ijumaa usiku nikamaliza kuhariri. Nikabonyeza irenda, nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta mashine imezima. Nikaanza tena, ikafika asilimia 40, ikazima. Mara ya tatu ikafika asilimia 22. Nilijaribu kila kitu nilichojua, na kila kitu nilichojua kilikuwa kidogo. Kadi ya zamani nayo nilishauza, kwa hivyo hakukuwa na pa kurudi. Jumamosi jioni mteja akapiga simu nikasema "niko karibu". Akapiga tena saa tatu usiku. Hiyo ya pili sikushika. Hapo ndipo naona aibu mpaka leo, kuliko kuzima kwenyewe.

Jumapili mchana nikabeba mashine kwa begi mpaka kwa fundi mmoja mzee kidogo hapo tauni, yule hutengenezea watu wa saiba. Akafungua mlango wa boksi, akaangalia kama dakika mbili. Hakugusa kitu. Akauliza, "Hii saplai ulinunua pesa ngapi?" Nikamwambia ilikuja na boksi. Akacheka kidogo, si kwa ubaya.

Akanieleza vile sitasahau. RTX 3080 inakula wati 320 ikiwa inafanya kazi. Hiyo ni wastani. Kuna nukta ndogo sana za sekunde inaruka juu ya hapo, tena sana, na hizo kadi za kizazi chake zinajulikana kwa huo mruko. Nvidia wenyewe wanasema utumie saplai ya wati 750. Yangu ilikuwa 500 za karatasi, na saplai za bei hiyo mara nyingi hazifiki namba zao. Ikiombwa zaidi ya uwezo, inajizima ili isiungue. Juu ya hayo, nilikuwa nimetoa kebo moja kutoka kwa saplai, ikagawanyika vichwa viwili, nikachomeka vyote kwa kadi. Kadi kubwa namna hiyo kila tundu linataka kebo yake.

Akafungua programu ya MSI Afterburner, akashusha kikomo cha umeme cha kadi mpaka asilimia 70, kama wati 224 hivi. Akasema, "Peleka hivyo umalize kazi ya watu, halafu utafute saplai." Alinitoza 500. Usiku huo mashine ilirenda mpaka mwisho bila kukohoa. Nikatuma video Jumatatu asubuhi.

Mteja hakunitukana. Alituma 6,000 badala ya 12,000, akaandika "asante". Harusi ya Aprili sikuisikia tena.

Kumwambia mama

Krismasi ikafika sina 15,000. Nikamkalisha mama jikoni nikamweleza yote, hata ile simu sikushika. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno. Akasikiza akikata sukuma, akaniuliza, "Kwa hivyo ulinunua sufuria ya harusi ukaweka kwa jiko ya mtu mmoja?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi uza sufuria ama ununue jiko. Lakini usiniambie tena ugali imekataa kuiva."

Nikapiga hesabu ya kununua jiko. Saplai nzuri ya wati 750 au 850, elfu 12 na zaidi. Monita ya kufaa hiyo kadi, 1440p ya hatsi 144, elfu 20 na kitu hata ikiwa ya mkono wa pili. Na prosesa yangu ingekuwa inaishikilia kadi nyuma, kwa hivyo siku moja ningetaka hiyo pia. 3080 ya 55,000 kumbe ilikuwa ya 90,000 na zaidi. Na sikuwa nayo hata ile 55,000, nilikuwa na 40,000 na tanki la maji la mamangu.

Nikaiuza kwa 46,000. Alinunua jamaa mwenye saplai ya wati 850 na skrini ya 1440p. Alipoichomeka kwake nikaona vile hiyo kadi inafaa kukaa. Iliniuma kidogo, lakini ilikuwa imepata kwake.

Vile nilichagua mara ya pili

Sasa hapa ndipo wale wa "nichukue gani" mnafaa kusoma polepole. Nilianza na karatasi, sikuanza na jina la kadi. Nikaandika maswali manne.

Skrini yangu ni gani, na nitaibadilisha? Saplai yangu inabeba nini kwa ukweli? Nafanya nini na mashine, gemu tu au na kazi? Na nikinunua hii, ninabaki na pesa ya kuitengenezea makao?

Baada ya hapo nikabaki na kadi tatu.

Ya kwanza, RTX 4060 mpya. Ilitoka 2023 kwa dola 299. Uzuri wake ni kwamba inakula wati 115 tu, ina waranti, na ina ule ujanja wa kuongeza fremu ambao Nvidia walianzia kizazi cha 40. Ubaya ni GB 8 za memori, na dukani nilikuta ni 42,000. Kumbuka ile dola 299 si yetu. Kwa shilingi 130 kwa dola inakuwa kama 38,900 kabla ya usafiri, kabla ya VAT ya asilimia 16 na kabla ya mwenye duka kula. Usimtukane muuzaji kwa sababu umeona bei ya Marekani kwa video.

Ya pili, RX 6700 XT ya AMD, mkono wa pili, 32,000. GB 12 za memori. Kwa gemu tupu hii ndiyo ilikuwa na nguvu kuliko zote tatu kwa bei yake, na nasema hivyo wazi. Inakula wati 230, AMD wanataka saplai ya 650. Kama wewe ni wa gemu tu, hurekodi, huhariri, chukua hii uende nyumbani na usisome mbele.

Ya tatu, RTX 3060 ya GB 12, mkono wa pili, 27,000. Wati 170. Kwa gemu iko nyuma ya 6700 XT, hakuna haja ya kubishana. Lakini mimi nakula kwa video, na programu ninazotumia zinaelewana sana na kadi za Nvidia, na kile kifaa chake cha kusimba video kinanimalizia kazi haraka. Halafu angalia kichekesho: ina memori GB 12, wakati ile 3080 yangu ya maringo ilikuwa na 10. Kwa mtu wa klipu za 4K, hizo GB mbili zina maana.

Nikachukua 3060 kwa 27,000. Saplai mpya ya wati 650, ya kampuni inayojulikana na alama ya 80 Plus Bronze, 8,000. Monita ya 1440p ya hatsi 75, ex-UK, ina mkwaruzo kwa kona, 11,000. Jumla 46,000. Sikubaki na hata ya chai, lakini kila kitu kwa meza kinaongea lugha moja.

Na gemu? Forza kwa 1440p, mipangilio ya juu, iko poa kabisa. Gemu nzito nawasha DLSS, ile teknolojia ya kuchora picha ndogo na kuikuza kwa akili, na inafanya kazi kwa kadi zote za RTX, hata za zamani. Kadi yako ikiwa si RTX, kuna FSR ya AMD, matoleo yake ya awali hayabagui, hata kadi za zamani yanazisaidia. Na kama wewe unacheza Valorant na marafiki tu, tafadhali usiuze kitu ya mtu. Hata GTX 1050 Ti ya 2016 inaisukuma hiyo gemu.

Kuna na tokeni. Tofauti ya 3080 na 3060 ni wati 150. Ukicheza masaa manne kila siku, kwa mwezi ni yuniti 18. Kwa bei tunanunua stima kwetu ni kama shilingi 500. Hiyo ni mitungi 25 ya maji. Sikuwa nimewahi kupiga hesabu ya gemu kwa mitungi.

Ukienda kununua mkono wa pili

Sisemi usinunue iliyotumika. Bila hizo, wengi wetu tungekuwa tunacheza karata. Lakini enda ukijua majina yanadanganya. RTX 3060 ziko za GB 12 na za GB 8, na ya 8 ni dhaifu zaidi, si memori peke yake iliyopunguzwa. GTX 1060 ya GB 3 na ya GB 6 hazina koo sawa, moja ni 1152, nyingine 1280. RX 580 kuna ile inaitwa 2048SP, ambayo ukweli ni ndugu wa 570 amevaa koti la kakake. Uliza jina lote, mpaka herufi ya mwisho.

Halafu kuna feki kabisa. Kadi ya zamani inaandikwa upya ndani ijiite 1050 Ti. Beba GPU-Z kwa flashi, ni programu ya bure. Kadi ikiwa ya kuchezewa, mara nyingi inakuonyesha neno FAKE mbele ya jina. Binamu yangu alipoteza 9,000 kwa kitu ambacho dakika moja ya hiyo programu ingemwambia.

Wengine wanaogopa kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Septemba 2022 Ethereum ilipobadilisha mfumo, uchimbaji wake kwa kadi ukaisha na kadi nyingi zikamwagika sokoni. Si zote zimeharibika. Tatizo ni kama mwenyewe hakuzitunza. Iendeshe gemu nzito dakika 30 ukiwa hapo hapo. Sikiliza feni. Kwa kadi kama 3080, tumia HWiNFO uangalie joto la memori, ikikaribia digrii 110 ujue inajipunguza mwendo na pedi za ndani zimechoka. Angalia picha kama ina vidoti au mistari. Na usitume dipoziti kwa mtu hujawahi kumuona eti "wengi wanaitaka". Wacha hao wengi waichukue.

Muuzaji akikataa usiijaribu, amekujibu tayari.

Sasa, kuhusu ukubwa

Najua kuna mtu atasema nimekata tamaa, kwamba nawaambia watoto wa mtaa wasiote mambo makubwa. Hapana. Siku moja nitarudi kwa ile ligi, na nikirudi nitakuwa na saplai, na skrini, na prosesa, na deni la mtu sina. Kitu ninachokataa ni hii tabia yetu ya kununua kitu ili kionekane. Mimi nilinunua picha. Ile picha ya kitandani ilikuwa ya 55,000, na ndiyo kitu pekee hiyo kadi ilinifanyia bila kuzima.

Hata wale wakubwa wenyewe hawana mwisho. RTX 4090 ilitoka 2022 kwa dola 1,599, watu wakasema hapa ndipo mwisho. Januari 2025 ikaja 5090, dola 1,999, wati 575. Kadi moja inakula kuliko saplai yangu ya zamani ilivyodai kutoa. Ukikimbiza hicho kilele na pesa ya kubahatisha, utakimbia mpaka uzeeke.

Nilimaliza kumlipa mama Mei. Ilichukua harusi mbili, mazishi moja, na besdei ya mtoto wa miaka mitatu ambaye alilia video nzima. Tanki liliwekwa wiki hiyo hiyo, la buluu, nyuma ya jikoni. Siku maji yalikuja usiku tukalisikia likijaa, mama akatoka na leso kuangalia kama linavuja. Halivuji.

Mimi nilikuwa ndani narenda harusi. Asilimia 100, bila kuzima.

Kwa hivyo ukiniuliza tena "niko na 50k, nichukue gani", nitakujibu na swali: saplai yako ni ya wati ngapi, na skrini ni gani? Ukiwa hujui, wewe bado hujafika kwa kununua. Fungua boksi, piga picha ya ile karatasi ya saplai, halafu tuongee.